Wanasesere Watatu

Ujumbe ulikuja usiku, na mama aliyeuandika alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Mwanawe, wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa anamng'ata mwanasesere niliyemshona mimi, jicho likang'oka likabaki mdomoni. Jicho lenyewe lilikuwa kifungo cha mbao. Mama alikiwahi kwa kidole mtoto hajakimeza. "Mtoto hajambo," aliandika, "nimeona tu ni vyema ujue." Chini yake aliweka picha: mwanasesere mwenye jicho moja, na kando yake kifungo juu ya meza, bado kimelowa udenda.

Sababu niliijua kabla sijamaliza kusoma. Kuna wiki moja uzi niliouzoea uliniishia katikati ya kazi, nikaokota kibonge cha zamani kilichokuwa kwenye droo tangu sijui lini. Uzi wa pamba ukikaa miaka huchoka wenyewe hata kama haujatumika. Ule ulinikatikia mara mbili tatu nikivuta sindano, nikajiambia leo mkono wangu mzito. Swali lililonikosesha usingizi ni hili: ni wanasesere wangapi walifungwa macho kwa uzi ule? Kumi? Ishirini? Nilikuwa nimeshauza 41. Wote walifanana, tena kufanana kwao ndiko nilikokuwa nikijisifia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na alama ya kusema alitoka mikononi mwangu lini.

Lebo walikuwa nayo, ikiwa unataka kuiita hivyo. Kikadi cha maua, jina la biashara yangu kwa herufi za mapambo, kimefungwa shingoni kwa utepe. Kizuri sana. Na kila mzazi mwenye akili hukikata kikadi kile mara tu anapomtoa mwanasesere kwenye mfuko, kwa sababu utepe shingoni mwa kitu cha mtoto ni hatari nyingine peke yake.

Naishi na kuuza Marekani, hivyo sheria ninazozitaja ni za huku. Mtu akigundua kuwa alichokiuza kinaweza kumdhuru mtumiaji namna hiyo, anatakiwa kuitaarifu Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ndani ya saa 24. Hilo nililisoma usiku ule ule, saa nane, nikiwa nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani. Nilijaza taarifa. Fomu iliniuliza vitu vya kawaida kabisa: bidhaa gani, ilitengenezwa kati ya tarehe gani na gani, inatambulika kwa alama gani, ziko ngapi mikononi mwa watu. Nikajikuta najaza makisio. Mimi niliyewashona kwa mikono yangu, mmoja mmoja, nilikuwa sijui.

Kwa kuwa sikuweza kutenga wabovu na wazima, ilinibidi niwaite wote 41. Waliouzwa kwa njia ya mtandao walikuwa 38, na anwani zao nilikuwa nazo. Watatu niliwauza kwa fedha taslimu kwenye maonyesho ya kazi za mikono, kwa watu ambao sura zao hata sizikumbuki.

Nitawarudia hao watatu.

Sheria niliyokuwa naivunja bila kujua ilitiwa saini tarehe 14 Agosti 2008. Ilizaliwa na mwaka wa 2007, pale mamilioni ya vichezeo vilipoitwa kurudishwa kwa sababu rangi zake zilikuwa na madini ya risasi. Vilikuwa vya viwanda vikubwa, lakini Bunge la huku lilipoandika sheria halikutofautisha kiwanda chenye maelfu ya wafanyakazi na mama mwenye cherehani moja jikoni. Tangu tarehe 14 Agosti 2009, kila kitu kinachotengenezwa hasa kwa ajili ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini lazima kiwe na alama ya kudumu, kwenye kitu chenyewe na kwenye kifungashio chake, kwa kadiri inavyowezekana. Alama hiyo imwezeshe mtu kujua nani alikitengeneza, wapi, lini, na kilitoka katika mkupuo gani wa kazi. Huku wanaiita kwa neno lenye maana ya kufuatilia nyayo, nami nimezoea kuiita lebo ya nyayo.

Neno "mkupuo" ndilo lililonipa shida mwanzoni. Nilidhani ni mambo ya viwanda, mashine inakohoa vipande elfu kwa saa. Baadaye nikasoma maelezo ya Tume yenyewe, kwamba fundi mdogo anayeshona kimoja kimoja halazimiki kubuni mfumo wa namba za mikupuo kama wa kiwandani. Tarehe na jina vinaweza kutosha. Nilifurahi kwa dakika kama tano hivi. Kisha nikamkumbuka yule mama na kifungo chake. Sheria inaweza kunisamehe namba. Kibonge cha uzi hakinisamehe.

Basi nikajitungia. Kwangu mkupuo ni kazi yote inayotoka katika vifaa vile vile: kitambaa cha jora moja, ujazo (kile ninachomjazia mwanasesere tumboni) wa mfuko mmoja, uzi wa kibonge kimoja. Kimojawapo kikibadilika, hata katikati ya siku, hata nikiwa nimebakiza mkono mmoja kuushona, herufi inabadilika. Lebo inaandikwa jina la biashara, mji na jimbo, mwezi na mwaka, kisha herufi. Basi. Mtu wa kawaida akiitazama haimwambii mengi, na haina haja. Mengi yamo daftarini.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Kila herufi ina ukurasa wake: nimebandika kipande cha kitambaa chenye upana wa vidole viwili, nimezungusha uzi kidogo kwenye pini, nimegundisha risiti ya dukani, na nimeandika nani alinunua. Watu hunicheka nisitumie kompyuta. Kompyuta ninayo, na majina ya wanunuzi yapo huko pia, lakini kompyuta hainipi uzi niuvute kwa vidole nione kama unakatika. Ukinilazimisha kuchagua kati ya lebo na daftari nitachukua daftari, ingawa mkaguzi atakayepita atauliza lebo kwanza. Lebo bila daftari ni namba ya simu ya nyumba isiyo na mtu.

Kuna fundi seremala mmoja, mzee anayetengeneza magari ya mbao ya watoto, meza yake huwa jirani na yangu kwenye maonyesho. Nilipomsimulia aligeuza gari moja kichwa chini akanionyesha tumboni: jina, mji, mwaka, na namba, vyote vimechomwa kwa chuma cha moto. Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe una bahati. Mbao inachomeka. Mimi nitachoma nini?" Akacheka, akasema tatizo lake liko kwingine, kwenye rangi.

Langu mimi lilikuwa kwenye alama yenyewe. Neno "kudumu" linaonekana jepesi mpaka ukutane na mashine ya kufulia. Jaribio langu la kwanza lilikuwa mhuri wa mpira na wino juu ya utepe wa pamba. Wino uliandikwa kwenye chupa kuwa ni wa kitambaa. Nilipiga pasi kama walivyoelekeza, nikafua mara moja, ukabaki. Mara ya tatu herufi zikawa kijivu. Mara ya sita ungeweza kuapa ni utepe mweupe tu. Jaribio la pili, karatasi ya kubandika kwa pasi: ilianza kubanduka pembeni, na kitu kinachobanduka pembeni kwenye mwanasesere wa mtoto mchanga mwisho wake unaujua. Nilichokikubali mwishowe ni utepe uliofumwa, jina na mji vimo katika ufumaji wenyewe, na mwezi, mwaka na herufi napiga kwa wino mwingine niliouthibitisha kwa kuufua mara thelathini. Naam, thelathini. Jirani alidhani nimefungua dobi.

Na mahali pa kuiweka si popote. Kwa wanasesere naipachika ndani ya mshono wa mguu, ncha zote mbili zimemezwa na mshono, kwa sababu lebo iliyoachwa inaning'inia kwa ncha moja mtoto ataivuta mpaka atoe na ujazo. Kwa bibu za kuzuia udenda inakaa kwenye pindo la nyuma. Vibanio vya nywele ndivyo vilivyonitesa: huwezi kupachika lebo kwenye kitu kilicho chembamba kuliko lebo. Hapo ndipo yale maneno "kwa kadiri inavyowezekana" yanapofanya kazi yake. Kifungashio kinabeba alama na kitu kinabaki kitupu. Lakini ni vema uandike mahali kwa nini umeamua hivyo. Kusema "ni kidogo" haraka haraka ni rahisi mno, na kuna vitu vingi tunavyoviita vidogo kwa uvivu wetu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nimelisikia likisemwa vibaya mara nyingi, na mimi mwenyewe nililisema vibaya mwaka mzima: kwamba wadogo wamesamehewa. Mwaka 2011 sheria ilirekebishwa, na kukawa na orodha ya Tume ambayo mtengenezaji mdogo hujiandikisha kila mwaka. Masharti ni mawili kwa pamoja. Mauzo yako yote ya mwaka uliopita yawe hayakuzidi dola milioni 1, kiasi ambacho hupandishwa kufuata bei zinavyopanda, na bidhaa hiyo moja uwe hukutengeneza zaidi ya vipande 7,500. Unachosamehewa ni kupeleka baadhi ya bidhaa kwenye maabara ya nje. Ni baadhi tu. Rangi yenye risasi, vipande vidogo vinavyoweza kumpalia mtoto, chuchu bandia, vitanda vya watoto, vidani vya chuma: hivyo maabara ni lazima hata kama umetengeneza vitatu. Cheti cha kusema bidhaa yako inatimiza masharti unakitoa mwenyewe bado. Na lebo hakuna aliyekusamehe. Nimekutana na mafundi wazuri, wenye mikono kuliko yangu, wanaotaja ile namba ya usajili kama vile ni hirizi.

Tena kuna vifaa ambavyo havihitaji kupimwa risasi hata kidogo, kwa kuwa Tume imeshakubali kuwa kwa asili yake havifikii kikomo: pamba, sufu, hariri, kitani, mbao isiyopakwa kitu, hata nguo iliyotiwa rangi. Kikomo chenyewe ni sehemu 100 kwa milioni kwa kifaa, na 90 kwa milioni kwa rangi ya kupaka. Ndiyo maana yule mzee wa magari alisema tatizo lake ni rangi. Mbao yake haina swali, ila siku anayoipaka nyekundu, maswali yanaanza. Sasa anauza magari mengi yasiyopakwa na anasema ni mtindo.

Mimi mtindo wangu ulikuwa kufuta vifungo. Lakini kabla ya hapo nilijaribu ujanja, na ujanja huo nausimulia ingawa unaniaibisha. Niliposoma kuwa kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 3 hakiruhusiwi kabisa kuwa na kipande kinachoweza kutoka na kuingia chote katika kile kimtungi cha kupimia, ambacho upana wake ni kama milimita 31.7, na kwamba vichezeo vya miaka 3 mpaka 6 vyenye vipande vidogo vinaruhusiwa vikibeba onyo, nikafikiri nimepata mlango. Nitaandika onyo. "Haifai kwa watoto wa chini ya miaka 3", vifungo vyangu vibaki, maisha yaendelee.

Nilimpigia rafiki yangu ambaye amefanya kazi hii miaka mingi nikamweleza kwa furaha. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Dada, na wewe ukimtazama huyo mwanasesere, laini, wa kukumbatia, ana mikono mifupi, unaona ni wa nani?"

Nikasema, "Wa mtoto mchanga."

"Basi na wao wataona hivyo."

Ndivyo ilivyo kweli. Umri wa kichezeo haupangwi na lebo peke yake. Tume hutazama kinavyotangazwa, kinavyofahamika na watu, na maneno ya mtengenezaji yanahesabiwa pale tu yanapoingia akilini. Vichezeo laini vilivyojazwa vimetajwa waziwazi miongoni mwa vitu vya watoto wa chini ya miaka 3. Onyo kwenye mwanasesere wa kulalia ni sawa na kubandika "si maji" kwenye ndoo ya maji. Kwa kitu ambacho kweli ni cha wakubwa kidogo, onyo lina kazi yake, na mtu anayeuza mtandaoni akumbuke kuwa linatakiwa lionekane pale pale kwenye tangazo ambapo mnunuzi anabonyeza kununua. Kulikuta ndani ya mfuko akiwa ameshalipa ni kuchelewa.

Tangu siku ile macho ya wanasesere wangu ni ya kudarizi. Yanachukua muda mara nne ya kifungo. Baadhi ya wateja wa zamani walilalamika kuwa wale wa kwanza walikuwa na "uhai" zaidi usoni, na sina hoja ya kuwapinga, ni kweli kifungo hung'aa. Mwanasesere mmoja wa macho ya kudarizi nilimpeleka maabara, wakamvuta mikono, wakamvuta masikio, wakamnyonga. Alirudi mzima, na karatasi.

Nguo nitazieleza kwa kifupi kwa sababu zina kamati zake nyingine. Lebo ya nyayo iko pale pale, lakini juu yake kuna ya Tume ya Shirikisho ya Biashara: nyuzi zilizotumika kwa asilimia ya uzito, kuanzia iliyo nyingi, nchi ilipotengenezwa, na jina la biashara au namba ya usajili ambayo hutolewa bure. Na namna ya kufua. Nchi ikae shingoni katikati, ionekane. Hapo nilijikwaa mara mbili. Kwanza niliandika "pamba 100%" kwa kumwamini muuza kitambaa, mpaka siku nilipochoma kipande cha ncha nikaona kimeyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba huungua ikawa jivu kama karatasi, haiyeyuki. Pili niliandika imetengenezwa Marekani, wakati jora lilitoka nje. Inatakiwa useme yote mawili: imeshonwa Marekani, kitambaa cha kutoka nje.

Nguo za kulalia niliziacha kabisa. Kuanzia saizi ya juu ya miezi 9 hadi saizi 14, nguo ya kulalia iwe haishiki moto ovyo, au ibane mwili kwa vipimo vilivyopangwa vya kifua, kiuno, paja, mpaka kifundo cha mkono, na iwe na maandishi yake shingoni ya kuonya kuwa haizuii moto. Magauni yangu ya pamba, mapana, ya kupepea, ndiyo hasa yaliyokatazwa. Mtu mmoja alinishauri niyaite ya kushindia. Nilikuwa nimeshajifunza habari za kuita vitu majina.

Nikipata oda kutoka Ulaya huwa nashusha pumzi kwanza. Huko kichezeo kinataka zile herufi mbili za CE, za kutangaza kuwa kinatimiza masharti ya huko, zisizopungua urefu wa milimita 5, jina na anwani kamili ya mtengenezaji, namba ya aina au mkupuo, na lazima awepo mtu au kampuni ndani ya Umoja huo anayewajibika. Lakini ukurasa wangu wa daftari uliojaa kwa ajili ya Marekani hujibu nusu ya maswali yao bila kubadilisha kitu. Hata hapa hapa majimbo yana mambo yake. Pennsylvania ina sheria yake kuhusu vichezeo vilivyojazwa na kujiandikisha kwa anayevitengeneza. Huwa najikumbusha kuangalia jimbo kabla sijafunga kifurushi.

Wale 38 walirudi wote kwa posta, wengine na barua, mmoja amevalishwa soksi. Niliwafungua macho mmoja baada ya mwingine mezani nikauvuta uzi wa kila jicho. Waliokuwa na uzi mbovu walikuwa tisa. Tisa! Niliwasumbua watu ishirini na tisa wengine bure, nikalipa posta ya kwenda na kurudi ya watoto wazima, kwa kukosa herufi moja ya alfabeti mguuni.

Watatu wa maonyesho niliwatafuta kwa njia nilizokuwa nazo. Niliwaomba waandaaji wabandike tangazo lenye picha, nikalibandika na kwenye meza yangu, nikaliacha hapo kila nilipopanga bidhaa. Mwaka wa pili, mwanamke alisimama akalisoma mpaka mwisho. Akafungua mkoba, akanitolea mwanasesere aliyefifia, sikio moja limeshonwa upya na mtu mwingine. Kikadi cha maua hakikuwapo, bila shaka. Niliujua mshono wangu wa begani. Niliomba ruhusa, nikachukua mkasi mdogo, nikakata jicho la kushoto: uzi mzima. Nikakata la kulia, nikauzungusha kidoleni, nikavuta. Ukakatika.

Wamebaki wawili. Tangazo bado liko mezani.